Fundi wa Pampu Ahamia Kipini

Vijana wangu, nyinyi mnaonipigia simu kutoka Garsen, Hola na Kinakomba kuniuliza kwa nini mashine inanguruma na maji hayatoki, leo nimeamua kuwajibu wote kwa mkupuo mmoja. Nimestaafu. Neno lenyewe nikiliandika tu nacheka peke yangu. Nimekaa barazani Kipini, miguu juu ya kigoda, upepo unanipepea bure, na hakuna mtu anayenisimamia kichwani kwamba mahindi yake yanakauka kwa sababu yangu. Shati langu halina hata tone la grisi. Mke wangu analitazama kila asubuhi kama shati la mgeni.

Najua mnachouliza nikiwapa kisogo. Mpokomo wa mtoni, mtu wa kambare na ndizi, kaenda kufanya nini baharini? Mmoja wenu aliniambia kwenye simu, "Buda, huko utaoza na chumvi." Basi tulieni niwaeleze, maana kuna siku mtazeeka na nyinyi, na viatu vyenu hivyo vyeupe mnavyovaa kazini vitazeeka kabla yenu.

Kwanza nimsalimie marehemu Mzee Jillo, aliyenifundisha kazi. Nilianza kwenye mradi wa umwagiliaji ambao sasa umekufa, zamani za injini za dizeli zile kubwa za kuzungusha kwa mkono. Siku yangu ya kwanza nilizungusha mpaka bega likawaka moto. Injini ikawaka, moshi ukajaa, maji hakuna. Mzee Jillo alikuwa ameketi kwenye pipa la dizeli anakula ndizi, akamaliza ndizi ya kwanza, akamenya ya pili, ndipo akaniuliza kama nimeinywesha. Nikadhani anatania. Kumbe pampu ni lazima uimiminie maji yake kwanza, tumbo lijae, hewa itoke, ndipo nayo ivute ya mtoni. Nyinyi mnalijua hilo kwa kusoma. Mimi nililijua kwa bega.

Siku nyingine tuliitwa Kinakomba kwa mkulima mmoja ambaye pampu yake ilikuwa imegoma katikati ya kazi. Nikajiona sasa ni fundi kamili. Nikatandika mkeka, nikaifungua mashine yote, vali, sili, boliti, kila kitu kikalala kwenye mkeka kimepangwa vizuri. Hakuna kilichoharibika. Mzee Jillo akaniuliza taratibu kama nimetazama mtoni. Nikainua macho. Kiboko alikuwa amesimama juu ya mpira wetu wa kuvutia maji, ametulia zake, masikio tu ndiyo yanacheza. Tulingoja mpaka alipochoka mwenyewe akaondoka. Nikaifunga mashine, ikafanya kazi vizuri sana, na springi moja ikabaki mkononi mwangu. Mpaka leo sijui ilikuwa ya nini.

Lakini somo lake kubwa, lile alilonikariria kila msimu, lilikuwa hili: usiichoshe pampu kunyanyua. Weka mashine karibu na maji kadiri uwezavyo. Mto ukishuka, ishushe mashine. Mto ukipanda, furahi, kaa hapo hapo, maana maji yanakusogelea na mafuta yanabaki kwenye tangi. Fundi wa mtoni akiyaona maji yanamfuata ukingoni, moyo wake unacheza ngoma. Nilikaa na furaha hiyo maisha yangu yote ya kazi, na ndiyo iliyokaribia kuniharibia uzee.

Kipini nilifika kwa kazi. Mwenye shamba la minazi aliniita nimtengenezee pampu, na ilikuwa masika, mto umejaa udongo mwekundu. Kazi ikaisha mapema. Akanipa wali na samaki wa nazi, kisha akanitandikia jamvi barazani. Vijana, nililala mchana, bila neti, bila kupigana na mbu hata mmoja. Nyinyi mnaolala Garsen mnaelewa nasema nini. Nilipoamka nilikuwa nimeshaamua. Sikutaka hata kufikiri mara ya pili.

Hata hivyo fundi ni fundi, nikaenda kupima. Nilizunguka mji mzima nikitazama kutu. Nilitazama njiti za baiskeli, misumari ya milango, mabati, boliti za mashua. Kila kitu kimeliwa. Baiskeli moja iliyoegemezwa ukutani ilikuwa imeshikana na ukuta kwa kutu. Nikajiambia ukimtoa huyu mwenye minazi, hakuna mtu mwenye akili atakayeleta mashine mahali hapa, kwa hiyo hakuna atakayeniita usiku wala mchana kuitengeneza. Nikafurahi kupita kiasi. Mwishowe nikashuka mtoni, pale mto unapokutana na bahari. Maji yalikuwa yamekwenda mbali, nikatembea kwenye tope mpaka nikayafikia, nikachota kiganjani, nikaonja. Matamu kabisa, maji yetu yale yale ya Garsen. Nikaona mambo yote yamekamilika: upepo wa bahari na maji ya mto, mahali pamoja.

Kulikuwa na jambo moja tu, nalo lilikuwa kubwa kuliko kutu yote ya Kipini. Mama Maro, mke wangu, ni mtu wa Kinakomba. Ni mkulima, mama yake alikuwa mkulima, na akiikanyaga ardhi anajua kama inafaa mpunga au migomba kabla hujamaliza kumsalimia. Nilipomweleza habari za Kipini, alinisikiliza mpaka mwisho, akasema bahari ni maji yasiyonywewa na yasiyolimiwa, sasa yeye atayafanyia nini, atayapigia makofi? Nikamsifia upepo. Akasema hata Kinakomba kuna upepo, hautangazwi tu. Nikamwambia maji ni matamu, nimeonja kwa ulimi wangu mwenyewe. Hapo akaniuliza ni matamu kama ya kwao, nami nikajua nimepata upenyo.

Tukakubaliana. Atakuja, atakaa wiki moja katika nyumba niliyopanga. Akipapenda, tunahamia. Akipakataa, tunajenga kwa baba yake Kinakomba na mimi nisilitaje tena jina la Kipini nyumbani. Kukaa kule peke yangu sikutaka hata kidogo. Maisha yangu yote nimelala kwenye mashamba ya watu, chini ya turubai, kando ya mashine za watu. Uzee nilitaka kuulala nyumbani kwangu, na nyumbani kwangu ni pale alipo Mama Maro. Kwa hiyo wiki ile ilikuwa ndiyo kila kitu kwangu, na niliitayarisha kama mtu anayetayarisha arusi.

Nikatangulia. Sasa ilikuwa kiangazi, lakini sikulitilia maanani hilo. Nikanunua tangi jeusi, nikaliinua juu ya matofali, nikaunganisha bomba mpaka jikoni na bafuni. Mama Maro amebeba ndoo tangu msichana, nami nilitaka afungue mfereji wa jikoni kwake, maji yatoke, anitazame. Nikaleta pampu yangu ndogo ya petroli, nikaiweka ukingoni. Maji yalikuwa mbali kule chini. Nikaanza kuhesabu mipira nitakayohitaji. Nilipogeuka kutazama tena, maji yalikuwa yamesogea. Nikakaa. Yakasogea tena. Yalipanda tope lile lote bila haraka mpaka yakafika kwenye miguu ya mashine yangu, bila mvua, bila chochote, mchana mkavu.

Mnaweza kufikiria furaha yangu. Mtoni tunangoja mvua inyeshe huko milimani, siku zipite, ndipo maji yapande. Hapa yalipanda nikiwa nimekaa. Nilimkumbuka Mzee Jillo karibu nitokwe na machozi. Nikainywesha pampu, nikaiwasha, mpira mfupi kabisa, na tangi likajaa mpaka likafurika. Jirani yangu, Bi Aisha, mjane mmoja mzee, mzaliwa wa Kipini, alikuwa barazani kwake anasuka mkeka. Alinitazama mwanzo mpaka mwisho asiseme neno. Nikampungia mkono. Naye akanipungia, kwa adabu.

Mama Maro alishuka kwenye bodaboda kutoka Witu alasiri ile ile, vumbi mpaka kwenye kope, na mfuko mmoja tu. Mfuko mmoja ule ulinitia wasiwasi. Nikamkimbiza bafuni akaoge maji ya bomba. Nikasimama nje nikingoja sifa. Nilisikia maji yakimwagika, kisha kimya, kisha maji tena, kisha akaniuliza kutoka ndani hii sabuni nimeinunua wapi, mbona haitoi povu. Nikamjibu ni sabuni ya huku. Akatoka na nywele zimesimama, lakini hakulalamika. Akaingia jikoni, akafungua mfereji, akajaza sufuria, akapika chai. Aliimimina kwenye vikombe viwili. Mimi nilikuwa bado natabasamu.

Akapiga funda moja. Akaweka kikombe chini pole pole.

"Baba Maro," akasema, "sukari umeweka wapi, na chumvi umeweka wapi?"

Nikamwambia kila kitu kiko mahali pake. Nikanywa changu. Nimekunywa dizeli kwa bahati mbaya mara nyingi katika kazi yangu, mkivuta kwa mdomo mtanielewa, na nawaambia ile dizeli ilikuwa na utu zaidi. Nikakimbia kwenye mfereji, nikaonja. Nikapanda kwenye tangi, nikaonja. Nilikuwa nimeinua bahari nzima nikaiweka juu ya matofali, karibu na bafu la mke wangu.

Mama Maro alicheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, na mimi nikajiunga naye nikidhani tumevuka salama. Kisha akafuta macho, akaniambia bila hasira yoyote kwamba alikuja na mfuko mmoja na mfuko huo huo unatosha kurudi nao, na kwamba Ijumaa kuna gari la kwenda Garsen. Hapo kicheko kikanikatika. Ungekuwa ugomvi ningejitetea, lakini mtu akikuacha huku anacheka utamjibu nini?

Ndipo Bi Aisha akapiga hodi. Amebeba mtungi wa maji na sinia la mkate wa sinia. Harufu ya mambo yetu ilikuwa imemfikia, au labda kicheko. Akatumiminia maji, matamu, ya kisima cha nyuma ya mji, akatukaribisha Kipini, kisha akanigeukia.

"Mwanangu fundi, mai yakiyaa huya na munyu wake," akasema. "Mwenye kutaka mai ya muo hungoya yakapwa, na yeo hata yakipwa hayanyweki, mvua hakuna huko yuu."

Mama Maro hakushika yote, Kiswahili cha Kipini kina njia zake, nikamfasiria: maji yakijaa yanakuja na chumvi. Anayetaka maji ya mto hungoja yapwe, yarudi baharini, na leo hii ya kiangazi hata yakipwa hayanyweki, maana mvua hakuna huko juu. Kumbe yale niliyoonja masika yalikuwa ya mto uliojaa, tena maji ya bahari yamepwa. Nikamuuliza Bi Aisha kwa nini hakuniambia nilipokuwa navuta. Alistahi. Alisema aliniona fundi mwenye mashine, akadhani nataka maji ya chumvi ya kukaushia samaki. Mama Maro akaanza kucheka upya.

Nilidhani kisa kimeishia pale, kwamba nimeshindwa na Ijumaa inakuja. Lakini wanawake wale wawili walikuwa wameanza kuzungumza, na nilipokuwa nalimwaga lile tangi kwa aibu, niliwasikia wameshafika kwenye mpunga. Bi Aisha alikuwa akimweleza kwamba ana shamba Kau, juu kidogo ya mto, na kwamba kesho ndiyo bamvua, siku za maji makubwa, kwa hiyo atakwenda kumwagilia. Mama Maro akamuuliza anatumia pampu ya aina gani. Bi Aisha akasema hana pampu. Mke wangu akanitazama, mimi nikatikisa kichwa. Nilifikiri bibi wa watu ametania.

Asubuhi tukapanda boti ya injini, sisi watatu, tukapanda na mto. Mimi nilijikunyata nyuma karibu na mashine, mahali ninapojisikia nyumbani. Tulipofika Kau, shamba la Bi Aisha lilikuwa kipande cha mpunga kilichozungushiwa tuta la udongo, na katika tuta kuna mfereji mmoja umezibwa kwa udongo na nyasi. Mto ulikuwa chini. Nikapima kwa jicho, nikamwambia Mama Maro kwamba hapa bila mashine ni kudanganyana. Nilikuwa hata nimeshachagua mahali pa kuiweka.

Bi Aisha alikaa juu ya tuta, akatafuna tambuu. Kule chini maji yakaanza kupanda. Safari hii nilikuwa nimejifunza, nikasema kwa sauti kwamba hayo ni ya chumvi. Bi Aisha akashuka, akachota kiganjani, akaonja, akatema bila kukunja uso. Akangoja yafike usawa wa mfereji. Akaonja tena, kisha akamnyooshea Mama Maro kiganja chake. Mama Maro akaonja. Akanitazama.

Nikaonja na mimi. Yalikuwa matamu. Bi Aisha akatueleza taratibu, kama mtu anayewaeleza wageni njia ya sokoni. Bahari ikijaa haifiki Kau yenyewe, isipokuwa kiangazi kikiwa kikali sana. Inachofanya ni kuusukuma mto urudi nyuma. Mto ukikosa pa kwenda unapanda, na kinachopanda juu ya kingo ni maji ya mto, matamu. Kazi ya mkulima ni kuonja. Yakiwa na chumvi, mfereji unabaki umezibwa. Yakiwa matamu, unaufungua.

Akachukua jembe, akakivunja kile kizibo. Maji yakaingia. Yaliingia kimya kimya, yakatambaa kati ya mashina ya mpunga, mstari kwa mstari, mpaka yakafika kwenye vidole vya miguu ya mke wangu aliyekuwa amesimama katikati ya shamba amekunja kanga. Vijana, nimenyanyua maji tangu nilipokuwa na umri wenu. Nimenunua mafuta, nimebadilisha sili, nimefukuzwa na mamba, nimepoteza nusu ya usikivu wa sikio langu la kushoto. Na muda huo wote, huku mwisho wa mto, bahari ilikuwa inawanyanyulia watu maji bila kelele na bila petroli, na hakuna aliyeniambia. Nikakaa chini kwenye tuta nikacheka mpaka kofia ikaanguka majini.

Mama Maro hakucheka. Alikuwa akitazama maji yanavyopanda kwenye kifundo cha mguu. Akanigeukia, nikaacha kucheka.

"Unajua pampu yetu ya Kinakomba imekaa mara ngapi imefunguliwa kwenye mkeka?" akaniuliza. "Unasema unarudi jioni, kuna mtu wa Hola amekwama. Halafu Garsen. Halafu wapi. Mahindi yangu yananitazama, na mimi natazama barabara. Watu wanapita wananiambia, wewe si mke wa fundi?"

Ni kweli tupu. Mashine ya nyumbani fundi huiweka mwisho siku zote, kwa sababu mwenye mashine hiyo hawezi kuhamia kwa fundi mwingine. Bi Aisha alijifanya anatazama ndege.

Mama Maro akainama, akatia mkono majini, akaonja tena ingawa hakukuwa na haja. Kisha akamuuliza Bi Aisha kama kile kipande cha jirani, kile kilichoota nyasi, kina mwenyewe. Bi Aisha akasema ni cha dada yake aliyekwenda kuishi Lamu kwa mwanawe, na anatafuta mtu wa kukilima. Mke wangu akakitembea chote, akikanyaga na kusimama, akikanyaga na kusimama, jinsi ninavyomjua. Akarudi akanisimamia.

"Nitakaa," akasema. "Wewe kaa na upepo wako Kipini. Mimi nimepata mahali ambapo maji hayamngojei fundi."

Ijumaa ile gari la Garsen lilikwenda bila yeye, na tangu hapo analima Kau na kulala Kipini pamoja nami. Nilikimbia mpaka kituoni kuliangalia likiondoka, mtu mzima na mvi zake, nikalipungia mkono. Kondakta naye akanipungia, sijui alidhani ninamuaga nani.

Kwa hiyo mkizeeka, msiende kuonja maji peke yenu. Nendeni na mwenzenu siku ile ile ya kwanza, na mwacheni yeye ndiye aonje. Tangi langu jeusi linakinga maji ya mvua sasa, na ile pampu ndogo nimempa mwenye minazi, inaota kutu polepole, Mungu aisaidie. Simu zenu nitaendelea kuzipokea, pigeni tu, lakini pigeni maji yakiwa yamepwa. Yakianza kujaa mimi huwa Kau, nimesimama kwenye mfereji na jembe mkononi, nangoja niambiwe fungua, na anayeniambia hapendi nishike simu kazini.